Je, nitie sahihi kupinga fleti mtaani kwetu?

Swali la msomaji wa Lavington, Nairobi:

"Mimi ni mwalimu mstaafu. Marehemu mume wangu nami tulinunua nyumba hii mwaka 1988, iko kwenye nusu ekari. Chama cha wakazi kimeleta barua ya kupelekwa kwa serikali ya kaunti. Kinataka mtaa ubaki wa nyumba moja kwa familia moja, fleti zisiruhusiwe kabisa. Majirani karibu wote wameshatia sahihi. Hofu zao nazielewa: maji tunapata siku mbili kwa wiki, na barabara ya nyuma yetu kumesimama jengo la ghorofa kumi na kitu. Lakini kitinda mimba wangu anapanga Roysambu na kazi yake iko Westlands, anaondoka gizani na kurudi gizani. Huku karibu nami kodi haimudu. Nitie sahihi au nisitie?"

Mwalimu, shikamoo.

Najua barua iko mezani na mwenyekiti anaisubiri, kwa hiyo naanza na jibu lenyewe. Usiitie sahihi ilivyoandikwa. Andika yako. Ikubali fleti za ghorofa tatu au nne mtaani kwenu na kote jijini, kisha iwe kali kuliko hiyo ya chama katika mambo ya maji, maji taka na ukaguzi wa ujenzi. Nimefanya kazi ya mipango miji kwa zaidi ya miaka 20, sehemu yake nikiwa nyuma ya dirisha linalopokea maombi ya ujenzi. Sikupi jibu hili ili kila mtu aridhike. Huenda baadhi ya majirani wakakununia, na ndiyo sababu nataka uzijue hoja zake kabla hujaenda nalo kikaoni.

Barua za namna hii hulinda kitu kinachoitwa hadhi ya mtaa, kana kwamba hadhi hiyo ilichipuka pamoja na mijakaranda. Ina historia. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya, naye akapendekeza mji ugawanywe kwa rangi ya watu, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, hoja ikiwa ni kuzuia maradhi. Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la serikali ya Uingereza kuhusu koloni la Kenya, uliondoa ubaguzi wa makazi mijini katika sera ya serikali, lakini ukabaki ndani ya masharti ya hati za ardhi na katika ukubwa wa ploti. Sehemu za juu za magharibi mwa mji, zenye udongo mwekundu usiotuamisha maji, zilikatwa ploti kubwakubwa. Eastlands, upande wa mashariki, kwenye udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, ikajengewa vyumba vya wafanyakazi. Ulipokuja mpango mkuu wa 1948, ambao jina lake lilitamka wazi kuwa ni mpango wa mji mkuu wa koloni, mgawanyo huo ulikuwa umeshakauka kama zege.

Uhuru ulipopatikana, rangi ilitoka kwenye sharti na mfuko ukachukua nafasi yake. Ukubwa wa ploti ulibaki vilevile. Mwongozo wa ujenzi wa halmashauri ya jiji wa mwaka 2004, ambao umeendelea kunukuliwa mezani miaka mingi baada ya halmashauri yenyewe kufa, uliruhusu fleti za ghorofa nne Kileleshwa na Kilimani palipo na bomba la maji taka. Lavington, Kyuna na Loresho uliziacha kuwa mitaa ya nyumba ya familia moja. Tangu hapo jiji limepata mpango mkuu wa maendeleo yake uitwao NIUPLAN, wa 2014 hadi 2030, likapata sheria ya kitaifa ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, na kaunti imekuwa ikiandaa sera mpya ya kudhibiti ujenzi. Barua yenu ni sehemu ya mjadala huo.

Wala usikubali mtu akwambie kwamba nyumba ya familia nyingi ni kitu kigeni tulicholetewa na wajenzi wa fleti. Nenda Majengo, Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nyumba ya Kiswahili pale ina ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma, na kila chumba kina mwenyewe. Miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwamo wanawake wengi waliojenga kwa jasho lao, na kodi ya vyumba ndiyo iliyowatunza uzeeni. Pangani ya zamani nayo ilikuwa hivyo hadi ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Kwa hiyo jiji hili limejua kukaa familia nyingi chini ya paa moja tangu utoto wake. Sharti la familia moja katika nusu ekari lilikuwa la upande mmoja wa mji tu, na mpaka wake mpaka leo unaonekana ukitazama picha ya Nairobi iliyopigwa kutoka angani.

Sasa tazama sharti hilo linafanya nini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Katika kaunti ndogo ya Mathare walikuwa karibu 69,000 kwa kila kilomita ya mraba. Westlands walikuwa kama 3,200. Westlands ina msitu wa Karura ndani yake, kwa hiyo nisiukuze ulinganisho kupita kiasi. Lakini hata ukiutoa msitu wote, pengo linabaki kubwa la kutisha. Watu hawa hawakugawanyika hivyo kwa mapenzi. Kaya takriban tisa kati ya kumi jijini hupanga, na mpangaji hufuata mahali ambapo sheria, au ukosefu wa sheria, umeruhusu vyumba vingi kujengwa.

Nikupe hesabu, kwa tarakimu rahisi nilizojichagulia ili tuelewane. Tuseme ardhi ya nusu ekari kama yako ina thamani ya shilingi milioni 100. Ikiruhusiwa nyumba moja tu, familia moja hubeba milioni 100 za ardhi kabla ya kununua tofali la kwanza. Zikiruhusiwa fleti 16, kila familia hubeba milioni 6 na robo. Mwenye ploti atasema ardhi inayoruhusiwa fleti hupanda bei, naye ana haki, hupanda. Lakini ikipanda hadi milioni 150, kila fleti bado inabeba chini ya milioni 10. Mwanao hana shida ya uvivu wala ya mshahara mdogo tu. Sheria inamtaka alipe udongo wa familia kumi na sita peke yake, au aende Roysambu.

Na wasiopata nafasi upande huu hawayeyuki. Wanakwenda kupanga mtaa wa Pipeline, ambako majengo ya ghorofa saba, nane na zaidi yamesimama bila lifti, dirisha likitazamana na dirisha hata mwanga wa saa sita mchana hauifikii korido ya chini. Wanakwenda Huruma. Mimi nimelelewa katika chumba kimoja cha mtaa wa namna hiyo, na Aprili 2016 jengo la Huruma lilipoporomoka usiku wa mvua, kando ya mto, likaua watu wapatao 50, nilisimama pale asubuhi yake nikiangalia magodoro yakitolewa kwenye vifusi. Walioishi mle walijua kuta zimepasuka. Walibaki kwa sababu chumba kingine cha bei ile hakikuwapo. Ninaposema kuzuia fleti Lavington kunaongeza ghorofa Huruma, maana yangu ni hiyo.

Baada ya kusema hayo, niwatetee majirani zako, kwa sababu hofu zao hazikutungwa.

Nairobi imekuwa na mgao rasmi wa maji tangu Januari 2017. Bwawa la Ndakaini, tegemeo kubwa la jiji, lilikamilika 1994, wakati ambapo jiji lilikuwa na watu wachache mno kulinganisha na leo. Chukua jengo la nyuma yenu. Tuseme lina ghorofa 15, kila ghorofa fleti 8, kila fleti watu watatu. Hao ni watu 360. Kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, jengo linataka lita 36,000 kila siku ya Mungu, yaani karibu mabauza manne (malori ya maji) ya lita 10,000 yakipanda na kushuka kwenye barabara iliyolimwa kwa ajili ya gari la familia moja. Bomba la mtaa haliwezi. Basi mjenzi huchimba kisima kirefu, na kila kisima kipya hushindana na cha jirani, kiwango cha maji ardhini kikizidi kuteremka. Sasa weka fleti 16 za ghorofa nne kwenye ploti ileile. Watu 48, lita 4,800. Tangi la kawaida la paa na lingine la chini linatosha kuvusha siku za mgao.

Maji taka ndiyo mabaya zaidi, na huzungumzwa kidogo kwa sababu hayaonekani. Nyumba nyingi za mitaa ya ploti kubwa hutumia tangi la chini na shimo la kunyonyea. Nusu ekari ya udongo mwekundu inaweza kunyonya maji taka ya watu watano au wanane bila kelele. Haiwezi kunyonya ya 360, na hata 48 ni wengi. Kwa hiyo ukiniuliza mpaka halisi wa idadi ya watu katika ploti, sitakujibu kwa ghorofa. Nitakuuliza bomba la maji taka liko wapi, lina upana gani, na mabomba linayomwagia huko mbele yanabeba nini tayari. Hilo ndilo swali ambalo dirisha nililofanyia kazi halikuuliza inavyopasa. Nakumbuka faili la jengo refu lililopitishwa huku barua ya kuthibitisha uwezo wa bomba ikiwa bado haijaletwa, tuliambiwa itafuata. Sikuwahi kuiona. Linanikera mpaka leo, na ndiyo sababu naandika kwa urefu huu.

Ila hapa ndipo ninapoachana na barua ya chama. Wanaamini lile jengo la ghorofa kumi na kitu limeletwa na kulegeza masharti. Mimi naamini limeletwa na masharti yenyewe, pamoja na mlango wa pembeni.

Tazama mambo yanavyokwenda. Sheria inasema mtaa mzima ni wa familia moja. Mwenye kutaka kujenga fleti anaomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi kwa ploti yake moja. Huajiri mtaalamu, huweka ubao kwenye geti, hutangaza gazetini, husubiri, hulipa hapa na pale, hupingwa, huenda mahakamani na kurudi. Miaka inapita na riba ya benki inakula. Anayeweza kuvumilia mchakato huo si mwalimu mstaafu anayetaka fleti sita za wanawe. Ni mwenye mtaji mkubwa, naye akishaupata mwanya hatajenga ghorofa nne. Gharama za kupata ruhusa zitarudishwa na ghorofa, na kwa kuwa ploti zilizofunguliwa ni chache, zile chache hulazimika kubeba kiu ya jiji zima. Matokeo ni mtaa wenye bangaloo, bangaloo, bangaloo, kisha mnara. Kileleshwa na Kilimani zimepita njia hiyo. Dari iliyoandikwa ilikuwa ghorofa nne. Iliyojengwa ni nyingine kabisa, na ilipandishwa faili kwa faili, si kwa mjadala wa hadhara.

Kwa hiyo ninachokutaka uombe ni kutandaza badala ya kurundika. Ghorofa tatu au nne ziruhusiwe kwa haki ya sheria katika kila ploti yenye bomba la maji taka, Lavington, Loresho, Kyuna, Karen, kote, bila kumpigia mtu magoti. Majengo marefu yabaki kwenye barabara kubwa zenye matatu, mabomba makubwa na njia za miguu. Ploti elfu kumi zikiruhusiwa fleti chache chache, hakuna ploti moja itakayopata bei ya kichaa kwa sababu tu ya kuruhusiwa.

Kuna miji iliyopita njia hii karibuni, na tunaweza kujifunza kwao bila kujifanya tuko kama wao. Auckland, New Zealand, ulikuwa mji wa bangaloo na majani kama upande wenu. Mwaka 2016 ulipitisha mpango mpya uliofungua karibu robo tatu ya ardhi yake ya makazi kwa ujenzi wa msongamano zaidi. Ndani ya miaka mitano vibali vya nyumba kwa mwaka viliongezeka maradufu. Minara haikufunika mji. Zilizojengwa kwa wingi ni nyumba za kushikana ukuta, za ghorofa mbili tatu, kwenye viwanja ambavyo zamani vilikuwa na nyumba moja. Mwanauchumi Ryan Greenaway-McGrevy wa Chuo Kikuu cha Auckland alikadiria kuwa, miaka sita baadaye, kodi za nyumba za vyumba vitatu vya kulala zilikuwa chini kwa asilimia 26 hadi 28 kuliko ambavyo zingekuwa bila mabadiliko yale. Soma sentensi hiyo polepole, maana hunukuliwa vibaya. Kodi ziliendelea kupanda. Zilichofanya ni kupanda kidogo kuliko ambavyo zingepanda. Kwa kijana anayepanga, tofauti hiyo ni karo ya mtoto.

Minneapolis, Marekani, baraza lake lilipiga kura 12 kwa 1 mwezi Desemba 2018 kuondoa mitaa ya familia moja pekee, na tangu 2020 nyumba ya familia tatu inaruhusiwa mahali ambapo zamani ilikuwa moja. Dunia ilishangilia hizo nyumba za familia tatu. Ukweli ni kwamba zilijengwa chache. Kilicholeta nyumba nyingi ni kuruhusu majengo makubwa zaidi kando ya barabara za mabasi na kuacha kumlazimisha mjenzi kuweka idadi fulani ya maegesho ya magari. Kati ya 2017 na 2022 nyumba za mji ziliongezeka kwa asilimia 12, na kodi zikapanda kwa asilimia 1 tu, wakati sehemu nyingine za jimbo la Minnesota zilipanda kwa asilimia 14. Mimi hapo nimejifunza mambo mawili. Ruhusa ndogo mno, ya familia mbili au tatu, haimlipi mjenzi kubomoa nyumba nzima. Na maegesho ni gharama iliyojificha: ukichimba chini ya jengo Nairobi kwenye mwamba ili kila fleti ipate nafasi ya gari, mwanao anayepanda matatu atalipia shimo hilo ndani ya kodi yake kila mwezi.

Houston nayo, Marekani hukohuko, mwaka 1998, ilipunguza kiwanja cha chini kabisa katika sehemu ya ndani ya mji kutoka mita za mraba 465 hadi kama 130. Nyumba za kushikana ukuta zilijengwa kwa makumi ya maelfu. Naitaja kwa sababu kwetu watu hubishana kuhusu ghorofa na kusahau kwamba sharti la nusu ekari lenyewe ndilo ukuta wa kwanza.

Utaniuliza, na ni haki yako: je, mwanangu atapata chumba Lavington kesho? Hapana. Fleti mpya mtaani kwenu itaanza kwa kodi ya watu wenye kipato kizuri. Lakini hao wanaoingia humo wanatoka mahali, wanaacha fleti Kilimani au South B, na mwingine anaihamia. Nyumba zisipojengwa, wenye fedha hawaondoki jijini. Hushuka ngazi na kumpokonya chumba aliye chini yao. Nimeona hilo Kawangware, hatua chache kutoka kwenu, ambako mabati yanabomolewa na kujengwa vyumba vya bedsita kwa watu ambao miaka kumi nyuma wasingekanyaga huko, na waliokuwa kwenye mabati wakasogea mbali zaidi na kazi zao. Nani anafua na kupika katika nyumba za Lavington? Wengi hutoka huko Kawangware.

Wala sitakudanganya kwamba ruhusa ya fleti itamfikia mtu wa kipato cha chini kabisa. Mama anayeuza mboga na kupata mia tano kwa siku hatapata fleti ya soko, hata Nairobi nzima ikifunguliwa. Huyo anahitaji nyumba za umma, hati ya kumhakikishia makao pale alipo, na bomba la maji taka mtaani kwake. Tangu sheria ya nyumba nafuu ya 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 na mwajiri huongeza nyingine kiasi hichohicho, kwa hiyo fedha ya umma ya kujengea ipo na wananchi wana haki ya kuuliza inamfikia nani. Hilo ni suala jingine, lakini usimruhusu mtu alitumie kusema, "Basi fleti hazisaidii maskini, tusizijenge." Husikika sana kwa watu ambao hawana mpango wa kumsaidia huyo maskini kwa njia nyingine yoyote.

Katika barua yako, basi, nakushauri uandike kwa majina na vipimo. Sema unakubali ghorofa nne palipo na bomba la maji taka, na kwamba pasipo na bomba, jengo lenye fleti lisipewe kibali cha kukaliwa mpaka bomba lifike, si mpaka ahadi ya bomba ifike. Dai kwamba ada za maendeleo zinazolipwa na wajenzi wa mtaa wenu zitangazwe, na zitumike kwanza kwa bomba na njia za miguu za eneo hilohilo. Dai umbali wa jengo kutoka ukuta wa mpaka na idadi ya miti, maana kivuli si anasa kwenye mji unaozidi kuwa na joto, na udongo ulio wazi ndio unaokunywa mvua. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituonyesha maji yanakwenda wapi udongo wote ukifunikwa. Omba ripoti za wakaguzi wa ujenzi ziwekwe hadharani ghorofa kwa ghorofa. Jengo halianguki kwa sababu ni la familia nyingi. Huanguka kwa sababu nondo zilipunguzwa, kokoto zilichanganywa na mchanga mchafu, na aliyepaswa kuja kutazama hakuja.

Kisheria umesimama mahali pazuri. Katiba, ibara ya 42, inakupa haki ya mazingira safi, nayo ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Barua ya chama imesimama juu ya ibara ya 42 tu. Yako isimame juu ya zote mbili.

Kuhusu ploti yako mwenyewe, hukuniuliza, lakini nusu ekari ya 1988 ni jambo ambalo watoto hulizungumza mama akiwa jikoni. Ikiruhusiwa fleti, sheria ya 2020 ya umiliki wa vipande vya majengo inawezesha kila fleti kuwa na hati yake. Unaweza kujenga kidogo, ghorofa tatu au nne, wewe ukakaa chini kwa sababu ya magoti, kila mtoto akapata yake yenye hati, nyingine ukapangisha zikakulisha. Atakuja mjenzi akutake mshirikiane, wewe utoe ardhi na yeye atoe fedha. Sikiliza, lakini usimkabidhi hati miliki mwanzoni, usikubali ardhi yako iwe dhamana ya mkopo wake, na uwe na wakili wako, si wake. Wazee nimewaona wakihamia kwa watoto "kwa mwaka mmoja tu" wakati jengo likipanda, na zege likasimama ghorofa ya tatu miaka sita.

Siku ya kikao, beba bili zako za maji za miaka miwili pamoja na tarehe ulizoandika maji yalipofika. Makaratasi hayo yana nguvu kuliko hotuba, na wengi wa wanaolalamikia maji huja mikono mitupu. Na mwanao aje nawe. Vyama vya wakazi nilivyoketi navyo huandikisha wenye nyumba. Mpangaji wa chumba cha nyuma, mlinzi, yaya na kijana wa Roysambu hawamo katika daftari, ingawa ndio wengi wa jiji hili. Mwombe mwenyekiti ampe dakika tatu baada yako, aseme anaamka saa ngapi, anapanda matatu ngapi na analipa nauli kiasi gani kufika Westlands, ili majirani zako wasikie kutoka kwa kijana waliyemwona akikua mtaani hapo.